Kimanzi Yuko Nje ya Ua

Kama umenikuta katikati ya safari, vuta kiti nikupe kwa ufupi. Mimi ni Mutanu, mjane, mama wa Lavender, mpangaji wa chumba kimoja Kambi Muru, Kibera, muuza mapazia ya mitumba Soko la Toi. Mume wangu Kimanzi alipigwa risasi Kawangware mchana kweupe, siku majambazi walipovamia duka la simu. Walikufa watu watano. Wanne wakaitwa marehemu. Kimanzi akaitwa jambazi, kwa sababu bastola ilikutwa karibu na mkono wake.

Bastola! Mwanamume aliyekuwa akiniachia mimi kuchinja kuku wa Krismasi.

Serikali ikachunguza, ikapata majibu, ikayafungia. Kaka yake mkubwa, Ndeti, hakungoja majibu. Alimzika kwao Kitui nje ya ua wa boma, upande ng'ombe wanakopita. "Jambazi halali na mzee wangu," alisema mbele ya waombolezaji wote. Hakuna aliyefungua mdomo kunitetea.

Wiki iliyopita niliwaachia pale Mheshimiwa Khaemba, mbunge wa ile kamati, alipoweka kalamu chini. Wizara inataka mswada wake wa kuajiri vijana wawe walinzi wa mitaa. Mswada hautoki kwenye kamati mpaka wabunge watie sahihi ripoti yao. Khaemba na wenzake wakakataa kutia. Wakapitisha azimio: kwanza familia za waliouawa zielezwe ukweli. Na Bunge linaenda likizo Alhamisi.

Mlidhani Kibera nzima ilinibeba juu juu kwa furaha? Ngojeni.

Jumatatu asubuhi nilipanga mitungi yangu bombani, nikarudi nyumbani kupika uji. Hivyo ndivyo tunavyofanya hapa. Foleni ikisonga, jirani anakusongezea.

Niliporudi, mitungi yangu ilikuwa imetolewa kwenye foleni na kuwekwa kando, imepangwa vizuri kabisa. Afadhali wangeipiga teke.

"Nani ametoa mitungi yangu?"

Kila mtu ghafla anatazama maji yake.

Mwishowe akageuka Seline, Mama Tonny, ambaye mlango wake unatazamana na wangu. Kimanzi alipokufa, watu wa kwetu walipopotea mmoja mmoja, Mjaluo huyu ndiye aliyelala kwenye sakafu yangu, akinipikia uji ambao sikuweza kuumeza. Huyo ndiye rafiki niliyebaki naye duniani.

"Si mimi nimetoa, Mama Lavi," akasema. "Lakini na wewe pia jiulize. Tonny wangu alipita interview ya hao walinzi. Walimpima mpaka viatu. Sasa anaambiwa angoje, kuna mama wa Kibera amezuia."

"Wabunge ndio wamezuia."

"Wamezuia kwa ajili ya nani?"

Nikaanza kuokota mitungi yangu.

"Kwani unataka nini hasa?" akauliza, sasa kwa sauti ya chini, sauti yake ya zamani. "Kimanzi atarudi?"

"Nataka waseme alikuwa nani."

"Si wewe unajua alikuwa nani?"

"Najua peke yangu, Seline. Nimechoka kujua peke yangu."

Akanitazama. Nikafikiri atanishika mkono. Mtungi wake ukajaa, akajitwika, akaenda zake. Mimi nikaanza foleni upya, nyuma ya watu wote.

Toi nako hivyo hivyo. Mzigo mpya wa mapazia ukifunguliwa, sisi wauzaji huitana kwenye kamera, yaani kuchagua yale mazuri kabla hayajaguswa na wateja. Siku hiyo mzigo ulifunguliwa kibanda cha tatu kutoka kwangu. Nikasikia kamba zikikatwa, nikasikia wenzangu wakicheka na kuvutana. Hakuna aliyeniita. Nilifika nikakuta yaliyobaki ni yale yenye madoa ya chai. Nikanunua hayo hayo. Ningefanyaje?

Jioni nikamkuta binti yangu Lavender akifunika vitabu vyake vya shule kwa magazeti. Yuko kidato cha pili. Juu ya kila kitabu alikuwa ameandika Lavender Mutanu.

"Kimanzi ameenda wapi?" nikamwuliza.

"Mum, tafadhali."

"Nimeuliza jina la baba yako limeenda wapi."

"Huko shule wananiita Gun!" akapiga kelele. "Ati Gun, pitisha chumvi. Gun, futa ubao. Na wewe unaenda kuongea mambo hayo huko Bunge, kwa TV? Usiende, aki. Ukiongea watakumbuka tena."

Tukala. Chumba chetu ni kidogo, ukinyoosha mguu unagusa wa mwenzako, lakini usiku ule mtoto wangu alikuwa mbali nami kuliko Kitui.

Jumanne akaja Morris.

Morris ni mtu wa wizara. Kijana mtanashati, viatu vinang'aa hata kwenye matope yetu, sauti laini. Alitualika sisi familia zote tano kwenye ukumbi mmoja Sarang'ombe. Kikao cha kufarijiana, alisema. Nilifurahi, mjinga mimi. Nilijua sasa tunaambiwa ukweli.

Tukaombewa. Tukapewa soda na mkate. Morris akasimama akatupa pole kwa niaba ya serikali, kisha akatupa pole tena kwa niaba yake mwenyewe. Alizungumza mpaka soda zikaisha, na ukiniuliza alisema nini, sipati hata neno moja la kukuletea.

Nikainua mkono. "Bastola iliyokutwa karibu na mume wangu ilikuwa ya nani?"

"Swali zuri sana, mama. Hilo litashughulikiwa."

"Na nani?"

"Na wahusika."

Kisha karatasi ikazungushwa. Nyinyi mnaoishi Nairobi mnaijua karatasi hiyo. Hakuna mkutano mtaani usiokuwa nayo. Unaandika jina, nambari ya kitambulisho, unatia sahihi, unarudishiwa nauli. Hatuisomi. Nani anasoma karatasi ya nauli? Ukianza kuisoma, walio nyuma yako wanakuuliza kama unatafuta mume humo ndani.

Nikatia sahihi. Wote tukatia sahihi. Nikatoka na kipande cha mkate nimemfungia Lavender.

Jumatano nilifanya jambo nililoapa sitalifanya tena. Nilienda Kawangware.

Ndeti ana karakana yake ya useremala huko. Nilimkuta akipiga randa mlango wa kabati, kofia yake ya siku zote kichwani. Hakuacha kazi.

"Shemeji," nikasema, "kesho ni siku ya kamati. Nimekuja kukuomba tuende pamoja."

"Kufanya nini?"

"Kukaa karibu nami. Basi. Huna haja ya kusema kitu. Zile familia nyingine zinakuja na wajomba, na mashangazi, na wachungaji. Mimi nitakaa na nani?"

Randa ikaenda, ikarudi.

"Mama Lavender, siku ile Kimanzi alikuwa anatafuta nini huku?"

"Alisema anakuja kwako."

"Mimi sikumwita."

"Ndugu mpaka aitwe?"

Hapo akaacha randa. Macho yake yalikuwa mekundu, sijui ni vumbi la mbao au ni nini. "Watu hapa wananipita wakinong'ona. Wateja wamenihama. Kanisani nimeondolewa uzee wa kanisa, wamesema nipumzike. Mimi ninataka jambo hili life. Wewe kila siku unalifufua."

"Kwa hivyo huji."

"Siji."

Nikatoka. Duka lile la simu lilikuwa njiani, limepakwa rangi mpya ya kijani, watu wanaingia na kutoka na simu zao. Nilisimama nje nikitafuta mahali alipoangukia. Mlinzi akaniuliza kama nataka kuhudumiwa. Nikasema hapana, asante.

Alhamisi nikavaa rinda langu la kanisani. Tulikuwa tumekubaliana familia zote tano tuvae leso za buluu. Nikajifunga ya kwangu. Nilipofungua mlango nikaona pazia la mlango wa Seline likitikisika. Pazia nililomchagulia mimi mwenyewe, lile la maua. Nikangoja atoke aniambie neno, hata la kunitukana. Pazia likatulia.

Chumba cha kamati kina zulia zito, ukitembea husikii miguu yako. Wabunge wameketi kwa duara, kila mmoja na kipaza sauti chenye taa nyekundu. Kamera za televisheni pembeni. Nyuma kuna viti vya wananchi, na safu ya mbele iliandikwa FAMILIA.

Nikakaa. Nikangoja leso za buluu.

Hakuja hata mmoja, sijui walitishwa au walichoka. Mkutano ukafunguliwa na dua nikiwa nimekaa peke yangu katika safu nzima.

Morris ndiye aliyepewa nafasi ya kwanza. "Mwenyekiti, wizara imetekeleza azimio la kamati hii. Familia zimeelezwa. Hizi hapa sahihi zao."

Akainua karatasi ya nauli.

Karani akaisoma kwa sauti. Juu ya majina yetu, kwa maandishi madogo, ilikuwa imechapwa kwamba sisi tuliotia sahihi tumeelezwa matokeo ya uchunguzi na tumeridhika.

"Mama Mutanu," akaita Mheshimiwa Khaemba. Ni mtu mnene, anapumua kwa sauti, na kalamu yake ilikuwa bado imelala mezani. "Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu, Mheshimiwa."

Watu wakaguna. Mwenyekiti, mama mwembamba mwenye miwani, akatazama saa.

"Uliambiwa nini?" Khaemba akauliza.

"Nilipewa soda."

Kicheko kikapita chumbani. Mimi sikucheka. "Nilipewa soda na mkate, Mheshimiwa, na nikatia sahihi ya nauli. Yule kijana pale hajaniambia kitu. Nilimwuliza bastola ilikuwa ya nani, akaniambia swali ni zuri sana."

Kicheko kikaisha. Khaemba akasukuma ripoti ya mswada mbali na yeye. "Basi bado. Mwenyekiti, mimi sitii sahihi. Na hawa wenzangu hawatii. Wizara ikitaka mswada wake, iseme."

Ningekuwa na mtu pembeni, ningemfinya mkono kwa furaha. Nilijifinya mwenyewe.

Lakini Morris hakuwa amemaliza. Alinyoosha tai yake. "Mwenyekiti, wizara haina kinyongo. Kama mama hakuelewa, tutamweleza sasa hivi. Kuna chumba cha pembeni. Ila mambo haya ni siri ya serikali. Ataapa kwanza. Akitoka, atakayosikia humo asimwambie mtu yeyote. Akiyasema, atashtakiwa."

"Hapa mbele ya wote haiwezekani?" Khaemba akauliza.

"Azimio la kamati linasema familia zielezwe. Halikusema wananchi waelezwe."

Khaemba akalifungua azimio lake mwenyewe, akalisoma, akauma mdomo. Lilikuwa hivyo hivyo. Akanigeukia.

"Mama, nitakwambia ukweli wangu. Ukiingia chumba kile, utajua. Lakini sisi tutakuwa hatuna tena kitu cha kushikilia. Tutatia sahihi, mswada utaenda. Ukikataa, bado tunao mkononi."

Mniambie ukweli, wasomaji wangu, nyinyi mngefanya nini? Mlango ulikuwa pale, hatua chache. Nyuma yake kulikuwa na jina la mume wangu. Nilitamani sana kuingia.

Kisha nikamwona akilini Lavender na vile vitabu vyake. Nitarudi nyumbani nimejua, na nisiweze kumwambia. Nitasimama bombani nimejua, na midomo imefungwa. Si ndivyo nilivyokuwa tayari?

"Siingii," nikasema. "Kama ni kujua peke yangu, hilo ninalo tayari."

Khaemba akatikisa kichwa polepole, akatabasamu. Nami nikaona nimeshinda. Nusu dakika nzima niliona nimeshinda.

"Sawa," akasema Morris. "Familia si mke tu. Mwenyekiti, kaka mkubwa wa marehemu yuko hapa. Amekubali kuapa."

Mlango wa nyuma ukafunguliwa, na Ndeti akaingia na kofia yake kichwani.

"Shemeji!" nikaita. "Shemeji, usifanye hivyo!"

Hakunitazama. "Nimesema ninataka life," akanijibu akipita, na vumbi la mbao likanukia.

"Usiingie! Ukiingia watatuzima!"

"Mama, keti," akasema mwenyekiti.

Wakaingia, Ndeti, Morris na karani mwenye Biblia. Mlango ukafungwa. Khaemba akajifuta jasho. Mwandishi mmoja wa habari akaanza kukunja nyaya zake, kwani kwake habari ilikuwa imeisha. Mimi nililia. Nililia bila kujificha, katika safu nzima ya viti vitupu, nikimlaani Ndeti na karakana yake na mti alioukata kuitengeneza.

Sijui walikaa humo muda gani. Mlango ulipofunguliwa, Ndeti alitangulia. Kofia ilikuwa mkononi, ameikamua kama tambara la kupigia deki. Sijawahi kumwona bila kofia isipokuwa siku baba yake alipozikwa. Siku ya Kimanzi hakuivua.

Akaja moja kwa moja mpaka mbele yangu. Akafungua mdomo.

"Mzee," Morris akasema nyuma yake, kwa ile sauti laini. "Kumbuka ulivyoapa."

Mdomo ukafungwa. Machozi yalikuwa yakimshuka mpaka kwenye ndevu, mwanamume mzima, mbele ya kamera.

"Mama Lavender," akasema hatimaye.

"Nini?"

"Jumamosi uje nyumbani. Umlete na msichana."

"Kufanya nini? Kutukanwa tena?"

"Kuna kazi ya fensi. Ile ya upande ng'ombe wanapita." Akajifuta ndevu. "Nataka niing'oe. Niisongeze mbele."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka ipite kaburi. Alale ndani."

Nikashika kiti cha mbele. Hakuwa amesema neno hata moja la chumba kile, na alikuwa ameniambia yote. Kimanzi wangu! Furaha na hasira vilinipanda pamoja, sikujua nimkumbatie mzee huyu au nimpige kofi. Nilipomwomba mimi, mke wa ndugu yake, hakusikia. Alipoambiwa na mtu mwenye tai, akalia.

"Mwenyekiti," Morris akasema, akirudi mahali pake. "Familia imeelezwa. Tunaomba kamati itie sahihi."

Karani akaisukuma ripoti. Mbunge wa kwanza akatia sahihi. Wa pili akatia. Ikafika kwa Khaemba. Akachukua kalamu, akaifungua, akatulia.

"Mzee Ndeti," akasema. "Hiyo fensi unaisongeza kwa nini?"

"Asijibu!" Morris akaruka. "Akijibu, leo analala korokoroni."

Ndeti akatazama zulia. Mikono yake mikubwa ya useremala ilikuwa ikizungusha kofia. Niliona anataka. Niliona pia anaogopa, na sikumlaumu. Aliyeapa ni yeye.

Yeye.

Wazo lilinijia hapo hapo, nikasimama kabla sijalipima.

"Mwenyekiti, mimi sikuingia chumba kile."

"Mama, keti chini."

"Sikugusa Biblia ya mtu. Sikuapa. Na mimi najua kwa nini Kimanzi alizikwa nje ya ua ule, na najua ni jambo gani moja tu duniani lingemfanya mzee huyu amrudishe ndani. Niulizeni mimi!"

"Pointi ya utaratibu, Mwenyekiti!" Morris alikuwa amesimama, na sauti haikuwa laini tena.

Yule mwandishi wa habari akaziachia nyaya zake. Khaemba aliweka kalamu chini, akainua kipaza sauti chake kwa mikono miwili, akakigeuza kunielekea. Nikatoka kwenye ile safu yangu tupu, nikakanyaga zulia lao, nikamfikiria Lavender amekaa mahali mbele ya televisheni na wale wanaomwita Gun.

Nikabonyeza kile kipaza sauti. Taa nyekundu ikawaka. Mwenyekiti alikuwa ameshika swichi ya kuizima, na alikuwa akinitazama mimi.